Mchezo wa Mpaka

Benadeta alimpa baba yake mdogo simu pale Chonyonyo, mkewe akianika kahawa uani.

“Mchezo huu nimeutengeneza mwenyewe, baba mdogo. Una kasoro. Ng’ombe wanapita ukutani na sauti inakatikakatika. Lakini hadithi yake hujaiona kwingine. Hebu ucheze.”

Baba mdogo akacheka, akaketi. Ndani ya mchezo akawa mjane mwenye shamba la migomba. Kila kulipokucha shamba lilikuwa limepungua, na mjane amezidi kukonda. Alicheza kwa bidii, akamsikitikia mjane huyo.

Kisha mjane akaukuta mti wa mpaka umepandwa upya, karibu na mlango wa jiko lake. Simu ikauliza: Ni nani aliyeuhamisha?

Kidole gumba cha baba mdogo, cheusi kwa utomvu wa ndizi, kikabaki hewani. Benadeta alikitazama. Wiki iliyopita walimzika mama yake Benadeta nyuma ya jiko, kwa kuwa hapakuwa na nafasi kwingine.

“Andika jina lolote,” alimwambia, “ila mchezo unakubali moja tu.”

Mkewe akaacha kahawa, akaja kusimama nyuma yake, akasoma swali polepole.

“Andika, mzee,” akasema.