Sindano ya Tano

Raha ya Bibi ilikuwa kukaa dirishani akishona vifungo vya nyumba nzima. "Mapengo yanatosha haya ya kinywani mwangu," alizoea kutania, kisha anakata uzi kwa jino lake moja lililobaki.

Macho yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo kila Jumapili mjukuu alimtungia uzi kwenye sindano tano. Bibi akazikwa, mjukuu akaendelea kutunga. Mazoea yana taabu.

Asubuhi hii sindano ya tano haikuwa na uzi, na kifungo cha koti lake kilichong'oka jana kilikuwa mahali pake.

"Mama, umenishonea kifungo?"

"Kifungo gani tena? Si ndiyo kwanza naamka!"

Mjukuu alipapasa nyuma ya kifungo. Ncha ya uzi ilikuwa bado imelowa mate.