Bosi Ana Nafasi Alhamisi

"Sababu ya kuomba kuonana na Bosi," fomu iliuliza, na mpima ardhi akaandika kwa hasira: Wewe niunganishe tu, Bosi ananijua.

Jibu lilifika kabla hajarudisha simu mfukoni. Katibu alimshukuru kwa ombi lake. Bosi amethibitisha kwamba anamjua, aliandika, na ndiyo maana ameagiza ajaze fomu yote.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa tangu Bosi amkabidhi ratiba yake huyo katibu wa mtandaoni, binti aliyekaa mji mwingine kabisa, ambaye hakuna aliyemjua zaidi ya uso wake kwenye skrini. Zamani mpima ardhi alikuwa anasukuma mlango bila hodi, anaeleza shida yake, Bosi anakubali, mchezo umekwisha. Siku hizi hata simu ya Bosi ilipokelewa na katibu. Na adabu zake hizo! Angekuwa na kiburi ungegombana naye ukapoa. Huyu alikukatalia huku anakutakia siku njema.

Na safari hii kukataliwa kungemtokea puani. Yeye na mkewe walikuwa wanatimiza miaka kumi ya ndoa, na miaka yote hiyo hawakuwahi kwenda popote wawili peke yao. Sasa chumba kilikuwa kimeshawekwa kwenye hoteli ya kando ya ziwa, Ijumaa mpaka Jumatatu. Mkewe alikuwa amepanga nguo sandukuni, akazipangua, akazipanga upya. Kilichobaki ni Bosi kukubali. Bila Bosi hakuna safari, hilo wote wawili walilijua, na mkewe alishasema, kwa upole uliomtisha mumewe kuliko makelele, kwamba mara hii ikivunjika atakwenda na dada yake, na atarudi siku atakayojisikia.

Basi mpima ardhi akajifungia bafuni, mahali pekee nyumbani kwake penye mlango wa kufungika, akampigia katibu.

"Niwekee hata leo," alisema. "Dakika mbili tu."

Katibu alisikitika kweli. Leo Bosi alikuwa na mazoezi ya viungo mpaka saa nne, kisha daktari wa meno, kisha kikao cha kamati. Saa tisa mpaka saa kumi na moja alikuwa amejipangia kukaa kimya.

Mpima ardhi aliuliza kukaa kimya ni kazi gani.

"Sijui, lakini ameiwekea rangi nyekundu," katibu alisema. "Halafu, samahani, kuna ombi jingine la siku hizo hizo. Limefika jana, na limejazwa vizuri."

Hakuuliza ni la nani. Mmoja tu ndiye aliyejua kujipendekeza kwa Bosi, tangu enzi na enzi, na kila mara alifanikiwa. Mpima ardhi akakaa ukingoni mwa beseni la kuogea, akaifungua ile fomu upya, akaijaza kwa uangalifu kama anayejaza hati ya kiwanja.

Swali la nne lilikuwa gumu. Mara ya mwisho ulisema utarudi lini, na ulirudi lini? Alifikiria kudanganya kidogo. Lakini Bosi alikuwa na kumbukumbu ya kutisha, kwa hiyo akaandika: Nilisema Jumapili jioni. Nilirudi Jumanne. Swali la tano: Ulitoa taarifa? Hapana. La sita: Ombi hili likikataliwa, nani mwingine anaweza kukusaidia? Hapo alikaa sana. Mwishowe akaandika: Hakuna. Ni Bosi tu. Alipolisoma jibu lake mwenyewe aliona aibu, aibu ya kweli, maana hakukumbuka kama amewahi kumwambia Bosi asante bila kutazama saa.

Jioni majibu yakaja. Alhamisi, saa tisa na nusu, dakika kumi na tano. Tafadhali wahi.

Alhamisi alifika nusu saa kabla, shati limenyooshwa, viatu vimepigwa rangi, faili kwapani. Alikaa kwenye kiti cha koridoni, akasikiliza saa ya ukutani. Saa tisa na nusu kamili aliitwa ndani.

Bosi alikuwa nyuma ya meza, miwani puani. Mbele yake kompyuta ilikuwa wazi, na kwenye skrini alikuwepo katibu, nadhifu, kalamu mkononi.

"Shikamoo," mpima ardhi alisema.

"Marahaba. Kaa."

Bosi alisoma kurasa zote mbili polepole, kidole kikifuata mistari. Kwenye swali la nne aliguna, akamtazama mpima ardhi juu ya miwani mpaka huyo akainamisha kichwa. Alipofika la sita alirudi akalisoma tena.

"Huyo mwenzako nimemhamishia mwezi ujao," alisema hatimaye. "Lakini siku nne ni nyingi."

"Najua. Hata ukikataa una haki. Ila mke wangu amechoka, na mimi nimechoka, na Jumatatu jioni nitakuwa nimesimama hapa mlangoni. Naahidi mbele ya katibu."

"Nimeandika," katibu alisema. "Zimebaki dakika saba."

Bosi akachukua kalamu, akatia saini. Kisha akakishusha kifuniko cha kompyuta taratibu, katibu akatoweka.

"Wajukuu zangu walete wote wanne Ijumaa mchana, nimewakumbuka," alisema. "Na wewe usinyanyuke, mwanangu, hizo dakika saba ni zangu. Tangu uoe hujawahi kukaa na mama yako muda mrefu hivi."