Bembea za Sikudhani

Nafasi ya utafiti ilikuwa moja, wakaomba wawili, akaipata Sikudhani. Siku ya kumuaga, watu walifurika ukumbini kumsikiliza mwanahisabati wao, na Kombo, aliyesoma naye dawati moja, akaitwa jukwaani kumshikia vyuma.

Vyuma vyenyewe vilikuwa bembea mbili zinazofanana, kila moja vipande viwili vilivyoungwa kwa nati, kimoja kikining'inia chini ya kingine.

"Tutaziachia pamoja," Sikudhani aliwaambia watu. "Zitacheza sawasawa, kisha zitaachana. Tofauti ya mwanzoni, hata iwe ya unywele, hukua. Ndiyo maana mvua ya mwezi ujao hakuna mtu awezaye kuitabiri. Kombo ndugu yangu, uko tayari?"

"Tayari, dada."

Kombo alikuwa na lake rohoni. Atailinganisha bembea yake na ya mwenzake barabara, zisiachane ng'o, Sikudhani aumbuke mbele za watu. Alijua hesabu zinakataa. Wivu haukujua. Akafumba jicho moja, akapima, akabana pumzi.

Wakaachia.

Bembea zikapanda pamoja, zikapinduka pamoja, zikashuka pamoja. Watu wakaanza kuguna. Kombo akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu majibu yatoke.

Kisha yake ikasita kidogo tu kule juu, ya Sikudhani ikapita.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi, watu wakapanda kumkumbatia Sikudhani. Kombo alibaki na mkono hewani, macho kwenye bembea, akingoja zikutane tena.