Kambale Kwenye Beseni

Gati alikumbatia nguzo ya kliniki ya moyo, pale Musoma, kama mbuzi aliyeona kisu.

"Mama, achia," Isaya alinong'ona. "Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Kwani wamelipa kiingilio?"

Isaya alimeza hasira. Ndiye aliyembembeleza mama yake mpaka akakubali kupanda gari Bunda. Yote yalianza siku alipombeba mgongoni kuvuka mto uliofurika, wakitoka msibani Suguti. Walipofika ng'ambo, mama akashika kifua. "Moyo unaruka kama kambale kwenye beseni," akasema, na tangu hapo wimbo ukawa huohuo.

Baba yake Isaya alianguka shambani mchana kweupe, pamba mkononi, asiinuke. Isaya aliapa hatazika mzazi mwingine namna ile.

Mama alipoachia nguzo, ndani walipokelewa na daktari Prudence, binti mpole. Akaeleza kwamba kipimo cha damu kitaonyesha kama mwili unawaka na kuvimba kwa ndani, maana uvimbe huo na moyo uliopoteza mpangilio wa mapigo huandamana. Kisha picha itaonyesha moyo unasukuma damu kwa nguvu gani.

"Sindano?" Gati akaficha mikono ndani ya kitenge. "Mchome huyu kwanza. Nikiona hajafa, nitafikiria."

"Bibi, huyu haumwi."

"Mjukuu wangu, hata pombe, mwenye nyumba huwaga anaonja kwanza, ndo wageni wanywe."

"Mama, mimi mzima!" Isaya aliruka. Kwake hospitali ilikuwa ya wanawake na watoto. "Nabeba marobota ya pamba kutwa nzima!"

Gati akatoa kichwa mlangoni, akawatangazia waliokaa kwenye benchi: "Anaogopa! Siku ya tohara waliniambia hakupepesa jicho. Kumbe nilidanganywa, na ng'ombe nikachinja!"

Benchi zima likaangua kicheko. Mwanaume gani wa Mara angevumilia neno hilo? Isaya akakunja mkono wa shati, akachomwa, jicho kavu.

"Haya, mama."

"Bado hizo nyaya."

Akalala, akabandikwa kifuani nyaya za kupima mapigo.

"Bado hiyo picha."

Akapakwa mafuta ya baridi, akapimwa. Kila alipoinuka, mama alikuwa amegundua kitu kingine cha kuogopa. Isaya akaapa kimoyomoyo: leo mama atapimwa, hata kwa kufungwa kamba.

Majibu yakaja. Daktari akayasoma, akayarudia, kisha akavuta kiti. Hakukiweka karibu na Gati. Alikiweka karibu na Isaya.

"Kaka, mapigo yako hayana mpangilio kabisa, na damu inaonyesha mwili umevimba sana kwa ndani. Ungechelewa, damu ingeweza kuganda, ukapooza au ukafa. Bahati yako moyo bado unasukuma vizuri. Dawa tunaanza leo, na marobota uyasahau kwanza."

Isaya akaweka kiganja kifuani.

Daktari akashusha pumzi, akamgeukia mama. "Haya bibi, zamu yako. Moyo wako ulianza kuruka lini?"

"Wangu?" Gati alikuwa ameshabeba kapu lake, yuko mlangoni, wala hakuigusa ile nguzo. "Nani kasema wangu? Mimi nilibebwa tu, sikio likalala mgongoni kwake."