Hatua Tatu za Mzee Diba

Mapigo mawili mepesi, la tatu zito. Kimya kidogo. Kisha tena: mawili, moja.

Mumina alishusha pumzi mbele ya kompyuta. Abba, baba yake Mzee Diba, alikuwa akitembea. Miguu miwili na fimbo.

Kazi yake katika chuo kipya cha kaunti ilikuwa kupima jinsi sakafu zinavyotetemeka watu wanapotembea. Profesa wake alitafuta chembe ndogo mno, zinazozaliwa na kufa kabla jicho halijapepesa, na mitambo yake haikuvumilia hata kishindo cha kiatu. "Chembe yenyewe hatuioni," alipenda kusema. "Tunaona alama iliyoacha, basi."

Kifaa kimoja Mumina alikibeba hadi nyumbani Chechelesi, ghorofa ya tatu, akakiweka chini ya zulia la sebuleni. Wenzake aliwaambia ni utafiti. Ukweli ni kwamba baba yake alianguka kwenye ngazi, na daktari akasema akianguka tena hatainuka. Tangu hapo alimfungia mlango kila asubuhi.

Jana, wakinywa chai, mzee aliinua zulia kwa ncha ya fimbo.

"Hiki kinaona uso wangu?"

"Hapana, Abba. Kinasikia miguu tu."

"Mm." Akakifunika, akaitundika fimbo kwenye msumari wake karibu na mlango. "Kule Sericho, ngamia mtoro tunamkunja mguu mmoja wa mbele, tunaufunga. Anabaki na mitatu, lakini malisho anayaona. Wewe umenifungia mpaka jua."

"Mvua ikinyesha nitakupeleka ukaone ngamia wako."

"Ni mvua ya ngapi hiyo, Mumina?"

Mumina alianza kukusanya vikombe.

Leo, saa nne asubuhi, simu ililia. Alikuwa Mama Kate, mwenye duka la chini, ambaye Mumina alimwachia ufunguo wa pili.

"Habari ya kazi? Leo baba yako ako na furaha, wacha tu! Shuriye yule wa lori la Sericho alikuja kumsalimia, nikampa ufunguo apande mwenyewe, duka lilikuwa limejaa watu. Amesharudisha. Amekuletea zawadi kutoka Sericho, lakini nimekatazwa kusema."

"Abba amekula?"

"Chai niliyompelekea alimaliza. Halafu akaitisha kabichi mbili, mbichi. Nikamuuliza, mzee, na hayo meno? Akacheka mpaka akakohoa."

Mumina naye akacheka. Ilikuwa miezi tangu asikie habari ya kicheko cha baba yake.

Mchana kutwa mistari iliendelea kupanda na kushuka kwenye kioo. Dirishani, mlangoni, dirishani tena, kama kiumbe anayetafuta tundu kwenye boma. Mapigo yalikuwa makali kuliko siku nyingine. Atakuwa amevaa viatu, Mumina alijisemea. Amejiandaa kwa safari isiyokuwepo. Akageuza uso, wenzake wasimwone macho.

Saa tisa, mstari uliruka hadi juu kabisa. Kisha ukalala.

Alingoja dakika moja. Mstari haukuinuka.

Hakuaga mtu. Alidandia boda ya kwanza, akazipanda ngazi mbili mbili, akafika juu pumzi zimemwishia. Ufunguo ukakataa kuingia.

"Abba! Umeanguka?"

Akatega sikio. Kisha, nyuma ya mlango, mapigo mawili mepesi, la tatu zito, yakimjia polepole. Kikafuata kikohozi kikavu.

Mumina aliegemeza paji la uso kwenye mbao, akalia kwa furaha.

"Nisamehe, Abba. Sitakufungia tena, wallahi. Kesho asubuhi tunapanda lori la Shuriye, mimi na wewe. Nitakushika mkono ngazi zote."

Akajaribu tena. Ufunguo ukaingia, ukazunguka.

Meza ilikuwa imepinduka. Katikati ya majani ya kabichi, beberu mkubwa mweupe alisimama akitafuna na kumtazama, mguu wake mmoja wa mbele umekunjwa, ukafungwa kwa kamba. Kwenye msumari wa kutundikia fimbo hapakuwa na kitu.