Glasi Juu ya Boneti

Mfaume alizichomoa shafti mbili za kutuliza mtetemo tumboni mwa injini, akazifukia chini ya gunia la korosho. Akiulizwa, atasema zilikuwa zinakula nguvu bure.

Kila jioni yule fundi wa kutoka bara, aliyepachika injini ya trekta kwenye Landrova ya kijiji, huiwasha na kuweka glasi ya maji juu ya boneti. Maji hayatikisiki. Watu hushangilia, na mke wa Mfaume hucheka kuliko wote. Kicheko hicho ndicho kilichomnyima Mfaume usingizi.

Leo aumbuke, aliwaza akiifunga nati ya mwisho.

Mkewe akatokea, tumbo likimtangulia, glasi mkononi. Nyuma yake alikuja mwenyekiti na nusu ya kijiji.

"Fundi mwenzio kahamishwa, kaondoka asubuhi," alisema mkewe. "Kamwambia mwenyekiti gari ukabidhiwe wewe, kwamba hapa fundi ni mmoja tu. Na kesho utanipeleka nalo hospitali Mtwara. Hebu waonyeshe, mume wangu."

Akaiweka glasi juu ya boneti, imejaa hadi ukingoni, akampa ufunguo huku akicheka kicheko kile kile.