Hema la Mitini

Mwanahawa alishika kamba, akasita. Hema alilonunua mumewe kwenye mitumba lilining'inia kati ya miti mitatu, juu ya mteremko wa Uluguru uliolowa chepechepe. Mumewe alitaka walijaribu kabla hajaanza kupokea watalii.

"Panda, mke wangu. Huku juu hakuna siafu wala matope."

Tangu kiwanda alichofanyia kazi mumewe kibinafsishwe naye apunguzwe, alikuwa akilala ameugeukia ukuta. Leo alikuwa akimbembeleza.

Akapanda. Hema likabonyea katikati, likawabiringisha wote wawili, pua yake ikatua shingoni mwa mumewe.

"Samahani," mumewe alisema, akajivuta pembeni. Hema likamrudisha palepale. Akajivuta tena.

Mwanahawa akamshika shati.

"Sasa unakwenda wapi, baba watoto?"